Alama Tano za Baba

Leeds, 14 Januari 1996

Dada Kavindu,

Mwaka umeanza na wewe uko kimya, kwa hivyo naanza mimi. Nakusalimu sana, namsalimu shemeji Nzomo pamoja na simiti yake ya Athi River, na kupita wote namsalimu Baba. Mimi ni mzima, ila siwezi kutulia mahali. Juzi nilizunguka mjini kutwa nzima kwenye theluji bila shughuli yoyote, nikiingia duka hili na kutokea lile, maana nikikaa chumbani mawazo yananifukuza.

Sasa sikiza. Hapa chuoni nimepewa kazi na daktari mmoja ambaye wagonjwa wake wote wana ugonjwa huu huu wa Baba, Parkinson. Kila wakija wanapimwa: mkono unatetemeka kiasi gani, uso umekauka kiasi gani, sauti, kuinuka kitini, kutembea. Kila jambo linapewa alama, kutoka sifuri mpaka nne. Makaratasi yamejaa makabati, na hakuna mtu awezaye kuyasoma yote akaona mgonjwa anaelekea wapi. Kazi yangu ni kuandika programu ya kompyuta ya kugeuza hizo alama ziwe picha. Nachora umbo la mtu, kisha kila sehemu ya mwili inapata duara jekundu, kubwa au dogo kulingana na alama yake. Ukipanga picha za miezi mingi kwa mstari, unaona safari nzima ya mtu kwa kutupa jicho mara moja.

Nataka kumchora Baba. Fomu yenyewe ina maneno mengi ya Kiingereza cha hospitali, hata mimi niliyafungulia kamusi, kwa hivyo nimeyaondoa yote. Nimekuachia mambo matano tu na nafasi ya kuandika namba. Kila mwisho wa mwezi mtazame Baba asubuhi, kabla hajameza dawa, halafu ujaze. Wewe umekaa miaka kwenye ghala la chama cha wachongaji ukitoa alama, sina haja ya kukufundisha kazi yako.

Muulize Baba kama bado anachonga swara. Wale wa kwake wenye miguu kama vijiti vya kiberiti sijawaona kwa mtu mwingine yeyote.

Ndugu yako mdogo,
Masila


Wamunyu, 3 Machi 1996

Kwako Masila, mwanaa mwaitu, mtoto wa mama yangu,

Barua yako ililala posta mpaka Reuben, mwenzangu wa ghalani, alipoenda kuchukua za ghala, ndipo akaniletea. Sisi hatujambo. Nzomo alikuja Jumamosi akarudi kazini Jumapili, ng'ombe amezaa dume, na mashamba tumeshayatayarisha tunangoja mvua. Simu ya posta bado imekufa, usijisumbue kupiga.

Baba ni mzima na anakusalimu. Yuko hapa hapa kando yangu na ameniwekea sharti: kila barua nimsomee kabla sijaifunga, na ndani yake pasiwe na habari za ugonjwa. Amesema, "Mtoto ako shule. Ukimwandikia ati baba yako ni mgonjwa, atasoma nini?" Nikamwuliza, na hizi namba anazotaka? Akafikiri, akasema namba niandike, kwa sababu namba hazilii.

Basi nimempima kwa jicho lile lile la ghalani, na unanijua sipendelei mtu. Februari ni hivi. Mkono 2. Uso 3. Sauti 3. Kuinuka 3. Kutembea 3.

Swara anachonga. Miguu inampa taabu siku hizi, lakini anamaliza, na wiki jana Reuben alifunga wawili kwenye sanduku. Anauliza kama hiyo kompyuta inajua kuchora bega. Anasema mtu yeyote anaweza kuchonga kichwa, lakini wengi wameshindwa na bega.

Ukitoka nje vaa kofia, na upunguze kuzurura.

Dadako,
Kavindu


Leeds, 30 Machi 1996

Dada,

Salamu kwenu nyote, na kwa ndama dume pia. Huku theluji imeisha na sasa ni mvua nyembamba isiyojua kuacha.

Tangu barua yako ifike roho yangu iko juu juu. Nimetembea nayo mfukoni, naitoa, naisoma, naikunja tena. Tatu, Kavindu, karibu kila mahali. Sikujua mambo yamefika hapo. Wagonjwa wa huku wenye alama kama hizo nimewaona kwa macho yangu. Unaposema anachonga na ni mzima, najua ni Baba anayekusemesha, kwa hivyo naziamini namba kuliko maneno yako, usikasirike.

Mpeleke kliniki Machakos upesi. Na mwambie nakuja Agosti. Nimeshaweka nafasi ya ndege, nitakaa mwezi mzima.

Masila


Wamunyu, 5 Mei 1996

Kwa ndugu yangu Masila,

Tunakusalimu kutoka kwenye tope. Mvua imekuja yote kwa pamoja, imebeba kivuko cha kwenda mtoni, lakini mahindi yako kiunoni. Nzomo amehamishwa zamu na sasa anakuja Jumapili kwa Jumapili.

Hofu yako tumeishangaa. Nilimwambia Baba kwamba umeingiwa na wasiwasi, akasema wewe tangu utoto ulikuwa unalia kabla hujachapwa. Lakini hiyo habari ya Agosti, Masila, ungemwona. Siku hiyo hiyo alinituma chokaa ya kupaka chumba chako. Kila asubuhi anauliza kama bado ni Mei.

Kliniki tulienda. Daktari alimtazama, akampa vidonge.

Alama za Machi: mkono 2, uso 2, sauti 3, kuinuka 2, kutembea 2. Za Aprili: mkono 1, uso 2, sauti 2, kuinuka 2, kutembea 2. Nimezisoma kwa sauti, Baba hakuzikataa. Namba umezipata, na mimi sina ruhusa ya kuongeza kitu.

Kavindu


Leeds, 8 Juni 1996

Dada mpendwa,

Nawasalimu nikiwa mtu mwingine kabisa. Jua limetoka, watu wa huku wamelala kwenye nyasi kama wamekufa, na mimi leo nimenunua viatu vipya.

Sasa napumua. Niliziingiza alama zako kwenye kompyuta, nikamwona Baba akibadilika mwezi kwa mwezi mbele ya macho yangu. Hivyo vidonge ni kazi nzuri, mshukuru sana daktari. Nilimwonyesha mwalimu wangu, yule daktari, akavuta kiti akakaa. Alisema wagonjwa wake hawaendi hivyo, na akauliza nani anapima. Nikamwambia ni dada yangu, na hana mchezo na alama.

Kuhusu Agosti, tutaona. Kuna mambo ya chuo yamejitokeza, nami naona hakuna tena haja ya kukimbia. Chokaa isubiri kidogo.

Masila


Wamunyu, 14 Julai 1996

Masila,

Tunakusalimu. Mahindi tumevuna, si mabaya. Nzomo anakohoa kwa vumbi la kiwanda lakini anasema ni homa.

Unasema unapumua. Hicho kipande Baba aliniambia nikirudie, nikakirudia, akaangalia mlango. Chumba chako kilishapakwa chokaa zamani. Siwezi kuibandua.

Mei: mkono 1, uso 1, sauti 2, kuinuka 1, kutembea 2. Juni: mkono 1, uso 1, sauti 1, kuinuka 1, kutembea 1.

Ndugu yangu, zisome hizo namba polepole. Keti chini, uzisome. Nakuomba hilo tu, maana msikilizaji wangu yuko hapa na ananitazama kalamu.

Unakuja Agosti au huji?

Kavindu


Leeds, 3 Agosti 1996

Dada mpendwa,

Salamu kwako, kwa Baba, na pole kwa shemeji. Mwambie afunge kitambaa mdomoni anapofungua mifuko, asijifanye chuma.

Nimezisoma polepole kama ulivyosema, na nimefurahi kuliko nilivyofurahi mwaka huu wote. Moja, moja, moja. Nimekuwekea picha yenyewe ndani ya bahasha hii. Watu watano wamesimama mstari, wote ni Baba, kutoka Februari mpaka Juni. Tazama yale madoa mekundu ya mkono, ya mdomo na ya miguu yanavyopungua mpaka yanakuwa kama mbegu za ulezi. Mwonyeshe Baba mambo yalivyo. Halafu mpelekee daktari wa Machakos. Daktari yeyote wa ugonjwa huu ataielewa bila kuelezwa.

Agosti siji. Mwalimu ameniomba nibaki, kuna shughuli ya chuo siwezi kuikwepa, ni ndefu kueleza. Kwa hali hii ya Baba, Krismasi au hata mwakani si mbali. Mwambie asinune.

Wako mwenye furaha,
Masila


Ghalani, Wamunyu, 8 Septemba 1996

Masila,

Leo sikusalimu. Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku hapa ghalani, Reuben ametoka, na Baba hajui. Hii barua hatasomewa.

Picha yako ilifika. Baba aliiweka magotini akaitazama mpaka jua likamhama. Kwanza alisema, "Huyu mtu hana bega." Nikacheka, nikadhani yataishia hapo. Kisha akapitisha kidole, kutoka yule wa kwanza mpaka yule wa mwisho. Akasema, "Hapa nilikuwa na mikono. Hapa imeisha. Hapa nilikuwa na sauti." Nilimsikia kwa sababu nilikuwa nimeinama mdomoni mwake, maana siku hizi bila kuinama humsikii. Halafu akaniuliza, "Kama mtoto ameona haya yote, mbona anasema amefurahi?" Nipe jibu wewe.

Picha hiyo nikaipeleka kliniki kama ulivyotaka. Unajua Baba akienda kliniki anavyofanya. Anameza dawa nyumbani, anavaa koti la kanisa, anajikaza, anaingia pale kama bwana harusi. Daktari akamtazama, akaitazama picha, akatabasamu. Akasema mzee anaendelea vizuri, tusiguse dawa, vidonge viendelee vile vile kama vya mwaka jana. Mimi nikaelewa kwamba ameshakata tamaa na ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mbele ya mgonjwa. Nikasema asante. Tukarudi.

Sasa nakwambia nilichokatazwa. Tezo lake limening'inizwa ukutani tangu Juni. Swara wa mwisho alivunjika miguu yote minne mikononi mwake, mmoja baada ya mwingine, akamweka chini, akaniambia nisimwokote. Uji namlisha kwa kijiko. Akifika mlangoni miguu inagoma kama imepigiliwa misumari, anasimama hapo, nyumba iko mbele yake na hawezi kuingia. Uso wake umekuwa ubao. Majirani wamepunguza kuja kwa sababu wanadhani anawachukia. Hii yote nilikutumia, mwezi baada ya mwezi, kwa njia pekee niliyoachiwa. Niliamini msomi wa kusoma alama atazisoma.

Za Agosti hizi hapa. Mkono 0. Uso 1. Sauti 0. Kuinuka 0. Kutembea 1. Labda umekaa Ulaya mpaka umesahau kazi iliyokulipia shule. Swara wa alama nne anafungwa kwenye sanduku la ng'ambo. Wa tatu anaenda Nairobi. Wa mbili tunamuuza hapa barabarani. Wa moja anarudishwa kwa mwenyewe akarekebishe. Wa sifuri Reuben anamtupa kwenye kuni, na hapo unaposoma ujue baba yangu nimemwandikia alama ya kuni kwa mkono wangu huu. Alipokuwa tatu ulilia. Alipokuwa mbili ulinunua viatu.

Nimekuchoka. Njoo umzike ukipenda, utatuambia kama mambo ya chuo yatakuruhusu.

Kavindu


Leeds, 24 Septemba 1996

Dada,

Sijui nianze salamu wapi, kwa hivyo niruhusu niseme kwanza.

Kwenye fomu ya hospitali, nne ndiyo mbaya. Sifuri ni mtu mzima asiye na dalili yoyote. Moja ni kidogo, mbili ni wastani, tatu ni vibaya, na nne ni aliyeshindwa kabisa. Maneno hayo yote yalikuwa yameandikwa kando ya kila namba, na ndiyo yale maneno niliyoyaondoa nisikuchoshe. Nikakwambia unaijua kazi yako. Uliifanya. Kila mwezi Baba aliposhuka, mimi kwangu nilimwona anapona. Na yule daktari wa Machakos, kwa sababu anazijua alama hizi, akaiona picha yangu kama nilivyoiona mimi. Nimemnyima Baba dawa nikiwa huku mbali, kwa wino mwekundu.

Nimeshapeleka faksi kliniki na kumweleza daktari kila kitu. Nimemwomba amtazame Baba bila dawa tumboni. Mpeleke mara upatapo barua hii, na siku hiyo asimeze kidonge nyumbani, hata akikasirika.

Kuna jingine. Ile shughuli ya Agosti ilikuwa mkutano wa madaktari kule Edinburgh. Nilisimama mbele ya ukumbi nikaonyesha picha ya Baba, ukubwa wa ukuta. Mgonjwa wa kijijini anayepata nafuu, anayepimwa na binti yake. Walipiga makofi. Hiyo ndiyo ndege niliyoipanda badala ya kuja nyumbani. Jana nilimwambia mwalimu ukweli, akaiondoa, na anawaandikia wote waliokuwepo. Ana haki ya kunifukuza, bado hajasema.

Unaniuliza nilikuwa nafurahia nini. Nimezunguka chumba hiki usiku kucha nikilitafuta jibu. Nilipenda kumtazama Baba kwenye karatasi kwa sababu kwenye karatasi hatetemeki. Naogopa kumwona, dada. Niliogopa tangu siku ile uwanja wa ndege aliponishika mkono wa kunipa kwaheri, nikasikia mkono wake haujui kuacha kutetemeka, nikawa wa kwanza kuuachia. Namba zako ziliponiruhusu nisije, nilizishukuru.

Nakuja Desemba, nafika tarehe ishirini na moja. Hii si ya tutaona.

Masila


Wamunyu, 27 Oktoba 1996

Masila,

Tunakusalimu, na leo nasema tunakusalimu nikimaanisha. Nzomo amepona kikohozi. Mvua bado. Ndama amekuwa mkorofi, anakula hata nguo zilizoanikwa kambani.

Barua yako niliisomea ghalani. Nikashuka kwenye sanduku, nikakaa sakafuni kwenye maranda. Reuben aliponiona alidhani Baba amefariki, ikabidi nimweleze, na nilipokuwa namweleza nikaona jinsi lilivyo jambo dogo. Tungeulizana mara moja tu. Ungeandika neno moja kando ya namba moja. Mimi ningekuuliza, nne ni ya nani? Lakini nilikuwa na hasira, na mwenye hasira haulizi.

Kliniki tulienda. Kumfikisha bila dawa ilikuwa kazi, Reuben alimbeba kutoka kwenye pikapu ya ghala mpaka ndani, na Baba alifumba macho njia nzima kwa aibu. Daktari alipomwona alishika kichwa. Hakutulaumu. Faksi yako alikuwa nayo mezani. Ameongeza dawa na kubadilisha saa za kumeza.

Usitarajie muujiza. Sasa anashika kikombe mwenyewe, cha chai nusu. Mlango anaupita nikimwekea fimbo chini aivuke, ujanja huo tulifundishwa na daktari. Sauti haikurudi, na uso pia. Daktari anasema mengine yameshakwenda, na kama tungekuja mapema angekuwa na miezi mizuri zaidi nyuma yake. Sikufichi hilo. Ukae nalo kama ninavyokaa nalo.

Nilimweleza Baba kosa letu. Ilinichukua muda kwa sababu nilikuwa nalia, na yeye alidhani ni habari ya kifo chako. Alipoelewa, aliomba ile picha. Akaishika, ikamtetemekea mkononi, akasema, "Kwa hivyo mtoto hakufurahia mimi nikiisha." Nikasema hapana, Baba. Akataka nilirudie, nikalirudia. Basi siku hiyo alikula ugali.

Sharti la kumsomea barua ameliondoa. Anasema niandike nitakavyo, ameona kimya chake kilikofika. Mimi bado nina hasira na wewe, lakini imepungua. Usije ukaipa alama.

Tunakungoja tarehe hiyo.

Dadako,
Kavindu


Wamunyu, asubuhi ya 21 Desemba 1996

Mwanaa mwaitu,

Karibu nyumbani. Nampa Reuben kipande hiki akukabidhi Machakos anapokupokea, ukisome garini, kwa sababu ukishafika hapa hatutapata nafasi.

Baba amekataa dawa ya leo. Nimembembeleza tangu alfajiri, nikamtishia hata daktari. Amekaza meno. Nilipoinama mdomoni akaniambia, "Nimewadanganya wote kwa hiyo dawa na koti. Huyu aje aone kitu yenyewe." Koti hata hivyo amevaa, mimi ndiye niliyemfunga vifungo. Amekaa nje akiangalia lango, na hataki nimgeuzie kiti kivulini.

Kwa hivyo jiandae, kwa sababu utamkuta vibaya kuliko picha yoyote uliyoichora. Hatainuka kukupokea. Jina lako hutalisikia mpaka uinamishe sikio. Na usimtazame usoni ukitafuta furaha, uso hauwezi tena, utadhani amekununia. Tazama mkono wake wa kulia. Ukitajwa tu, huo mkono unaanza. Juzi Reuben alipomwambia gari liko tayari kwenda kukuchukua, ulitikisa kikombe mpaka chai yote ikaishia kwenye suruali, na nilipotaka kuushika ulinikataa.

Ukiingia langoni huo mkono utaruka kama ambavyo hujaona kwa mgonjwa wako yeyote. Kwenye karatasi yako hiyo ni nne. Hata hapa ghalani kwangu, Masila, hiyo ni nne. Usiiandike mahali popote. Ushike huo mkono, na safari hii usiwe wewe wa kwanza kuuacha.

Kavindu